Mwaka Tulioita Tukangoja

Cherono alinipigia simu saa ya kukamua. Nilikuwa kwa kigoda, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, simu ikalia mfukoni mwa aproni, na kwa vile mikono ilikuwa na mafuta ya kukamulia nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Ikalia tena. Mimi mtu akinipigia mara ya pili najua ni kifo, au ni mtu amekosea namba na hataki kukubali. Nikaipokea kwa kidole kimoja. Sauti ikasema, "Kemunto, ni mimi Cherono. Yule wetu ametuacha." Hakutaja jina. Miaka hii yote hatujaongea zaidi ya salamu za sokoni Litein, na bado alijua kwamba akisema yule wetu nitaelewa. Nilielewa. Ng'ombe akaona mikono imesimama, akapiga ndoo teke.

Sasa ngoja niseme kwa nini simu hiyo ilinikuta vibaya. Wiki hiyo hiyo Sharoni, mke wa mwanangu, alikuwa amejifungua mvulana hapa kwangu Kedowa. Sisi watu wa Kisii jina la mtoto tunalitoa kwa mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, na hapa nyumbani mimi ndiye mkubwa wa kulisema. Basi walikuwa wananingoja. Kule zahanati waliandika tu "mtoto wa Sharoni". Kila asubuhi mwanangu anakunywa chai ananiangalia juu ya kikombe. Na jina ninalo, nimekuwa nalo tangu ujana wangu, lakini lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai, kijana wa Kipsigis anakaa kwa kiti nyuma ya nyumba ya mama yake huko Litein. Mpaka simu ile. Nikipotea njiani mnivumilie. Shule niliachia darasa la nne, na hata huko nilikuwa nakaa kwa dirisha nikiangalia nje.

Mwaka ninaousema nilikuwa na kama miaka ishirini, sijaolewa, na mimi na mama tulikuwa tunachuma majani chai na kulala kambini, kwa zile nyumba za safu moja ambazo jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani. Mwaka uliotangulia ndugu yangu Onsare alizama kwenye bwawa la shamba. Alikuwa mtoto wa kung'oa meno ya mbele. Wanaume walivuta kamba majini, na mama akasimama ukingoni akiita, bila kulia, kwa sauti ya jikoni kabisa, vile unaita mtoto aache mchezo: "Onsare, chakula kimepoa." Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Anaita tena. Hata walipomtoa na kumfunika shuka aliendelea kuita kidogo, kama mtu ambaye habari haijamfikia. Nyumbani kikombe cha Onsare kilibaki kwenye msumari wake ukutani, kile cha bati chenye ua lililobanduka, na mimi nilikuwa nakiosha kila Jumamosi pamoja na vyombo vingine, kisha nakirudisha. Sikuambiwa nikioshe. Sikuambiwa nisikioshe.

Ndipo akaja Daktari Njeri. Alituambia mara nyingi kwamba yeye si daktari wa sindano, ni mtu wa mambo ya kuongea, lakini nani ana wakati wa kusema jina refu hivyo, akabaki Daktari. Alitoka Nairobi na gari dogo lililozama matope kila wiki, na alikuwa anafanya utafiti juu ya watoto ambao siku hizi kwa redio wanasema wana mtindio wa ubongo. Sisi tulisema tu, mtoto hajashika shingo. Alitaka kujua kama mama mwenyewe, mama wa shambani mwenye mikono myeusi ya utomvu wa chai, anaweza kufundishwa kumfundisha mtoto wake kutoa sauti, kila siku nyumbani, badala ya kungoja hospitali kubwa ambayo hatafika. Alihitaji mtu wa kupika uji na kutafsiri, na mimi nilicheza na watoto wa Kipsigis tangu nikiwa mdogo, lugha yao ilikuwa inatoka kwangu kama yangu. Nyapara alicheka aliposikia. "Kemunto, umepata kazi ya kuongea? Hiyo si ulikuwa unaifanya hapa bure!"

Chumba tulichopewa kilikuwa stoo nyuma ya zahanati ya kanisa, karibu na Litein. Kilinuka mafuta ya taa na magunia, na mabati yake yalikuwa mapya, mvua ikianza huwezi kusikia hata mawazo yako. Benchi moja kando ya mlango kwa mama na nyanya. Viti vidogo ambavyo fundi alivikata kwa mbao, na mkanda wa kitambaa kifuani, ili mtoto akae wima aone watu badala ya kuona dari. Nakumbuka mama mmoja alipoona mwanawe amekaa hivyo mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni mrefu." Hakuna aliyecheka. Nilikuwa napika uji wa wimbi mzito sana, wa kusimama kwa kijiko, kwa sababu chakula chepesi kwa watoto hawa kinakimbia njia mbaya, kinaingia kwa mapafu. Kidevu chini, kijiko kidogo, ngoja ameze. Daktari alirudia hayo mpaka nikayasema nikiwa usingizini, mama akaniambia nimekuwa nikimlisha mto.

Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa kungoja. Unamwita mtoto, kisha unanyamaza. Humwiti tena, humtingishi, humwambii "sema ndio". Daktari alisema sauti ya watoto hawa iko, ila inatembea njia ndefu kufika mdomoni, na sisi watu wazima hatuwapi nafasi, tunawajibia. "Usimjibie," alisema. "Ngoja mpaka uone aibu. Halafu ngoja tena kidogo." Ah, ile kazi ilikuwa ngumu kwa akina mama! Kwetu mtu akiitwa akanyamaza, kuna kitu. Kule shambani tulikuwa tunaitana mstari kwa mstari siku nzima ili tujue nani ameumwa na nyoka na nani ameanguka kwa mtaro. Kukaa kimya mbele ya mtoto wako ukimwangalia mdomo kulikuwa kama kukaa na maiti. Wengine walitoka nje wakalia, wakarudi. Mimi sikulia. Lakini kila nilipoita na kunyamaza nilikuwa nasikia harufu ya bwawa, ile ya majani yaliyooza, hata na uji unachemka.

Kipkoech aliletwa na mama yake Cherono na nyanya yake, ambaye wote tulimwita Kogo kama wanavyoita nyanya kwao. Alikuwa mvulana wa miaka kama mitano, macho makubwa yanayofuata kila kitu, mikono inarukaruka yenyewe. Cherono alikuwa rika langu, kimya, mwenye kucheka kwa pua. Aliniambia anataka kitu kimoja tu. "Kutembea, basi, Mungu akipenda. Mimi nataka nimwite aitike. Nikiwa kwa jikoni niite, nisikie 'eeh'. Hata akiitika vibaya." Kogo yeye hakutaka kitu kwetu. Alikuja kuangalia. Alikaa kwa benchi na kopo lake la ugoro, ananusa, anafunga, anafungua tena, na akiulizwa anasema tatizo la mtoto analijua. Siku ya kuzaliwa kwake, Cherono alinieleza, wanawake walifanya kurenet. Ni desturi yao: wanawake wazima wanakaa na mtoto mchanga, wanaita majina ya waliokufa wa nyumba hiyo, moja, wananyamaza, jingine, wananyamaza, na jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye amekuja. Wote wanacheka kwa furaha. Kipkoech alizaliwa amechoka, rangi ya moshi, hakulia. Wakaita babu wote, na wajomba wa babu. Wakamwekea hata ugoro puani. Hakupiga chafya. "Kwa hivyo hana mtu ndani," Kogo alisema, kama anaeleza ng'ombe asiye na maziwa. "Nani ataongea?"

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapa ndipo mwaka wangu ulipovunjika katikati. Daktari alitaka kujua kama Kipkoech anajua jina lake. Akaniambia nikae mbele yake, niite majina mengine kwanza, majina ambayo hajawahi kuyasikia nyumbani kwao, moja moja, kila moja nikingoja, halafu mwisho niite lake, yeye aangalie macho na mdomo wa mtoto. Majina ambayo hajasikia. Mimi nitayatoa wapi isipokuwa kwetu? Nikaita Makori. Nikangoja. Nikaita Moraa. Nikangoja. Mvua ilikuwa imeacha, chumba kimya, mlango wazi. Nikaita Nyaboke. Kogo kwenye benchi akaacha kufungua kopo. Nilimwona kwa pembe ya jicho, ameinama mbele, mdomo wazi, na sikuelewa. Halafu nikafungua kinywa niite jingine na lililotoka ni Onsare. Sikulichagua. Tangu bwawani sikuwa nimelisema kwa sauti, na lilitoka kwa sauti ya mama, ile ya jikoni. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Kipkoech alikunja uso, akavuta hewa, mikono ikaenda juu, na akapiga chafya kubwa hata mkanda wa kiti ukafunguka.

Kogo aliruka. Mama mzee yule, magoti mabaya, aliruka akapiga mapaja akacheka, akalia machozi. "Amekupali! Amekupali! Nimeona mimi!" Wanawake wa benchi nao wakaanza kucheka na kupiga makofi, na Daktari anatuangalia mmoja mmoja, kalamu juu. Nilipomtafsiria alisema, "Lakini Kogo, ni ugoro wako. Umefungua kopo na upepo uko mlangoni." Kogo akamjibu bila kumtazama, "Siku ile tulimjaza ugoro kama mfuko. Alipiga?" Daktari akaandika kitu, akakikata.  Kogo aliniambia baadaye kwamba alidhani tumejua shida ya mtoto na tunafanya kurenet ya hospitali. Nilimwambia hapana, ilikuwa mtihani wa masikio. Akanishangaa. "Mwanamke amekaa mbele ya mtoto, anaita majina, ananyamaza. Hiyo utaiita nini?"

Ndipo mtu akauliza, "Huyo Onsare ni wa nani?" Nikasema ni ndugu yangu. Yuko wapi? Nikasema. Kicheko kikazimika kama taa. Halafu mama mmoja mchokozi, mke wa mwenye posho mill, akaanza tena: "Basi Kogo umepata! Mjukuu wako ni Mkisii. Mwaka kesho atadai ndizi asubuhi na jioni." Mwingine akasema, "Na akikua tutampeleka nani kumwombea posa, sisi au wao?" Walicheka lakini walikuwa wananiangalia mikono, kama kuna kitu nimekuja nacho. Cherono alikuwa amepiga magoti anafunga mkanda wa kiti. Hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa mtoto, si kwangu, "Kipkoech. Wewe ni Kipkoech." Na mtoto alikuwa anaangalia mlango.

Jumapili iliyofuata Kogo alikuja kambini, peke yake, amevaa koti la kanisa, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, chini ya mkono. Mama alikuwa anapika ugali na mboga chungu, mimi nikamwekea mgeni kigoda, na wale wanawake wawili wakaanza kuongea kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikuwa amekiokota mahali pake. Ningeweza kutafsiri, lakini mama alinionyesha kwa mwiko nikae. Kogo hakuzunguka. Alisema, "Mimi siko mwisi. Hiyo jina ilikuja yenyewe." Mama akageuza ugali. Akasema, "Hilo jina linangoja mtoto wa huyu," akanionyesha mimi, na mimi sikuwa hata na mchumba. "Nyumba yetu haijalichukua." Kogo akasema, "Mtoto yetu hana mtu." Mama akasema, "Na mimi?"  Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, nilikuwa kati yao na kikombe cha bati juu ya kichwa changu. Mama alipakua, akampa Kogo kwanza. Walikula. Kogo akatikisa kibuyu, akamimina mursik, na mama yangu, ambaye alikuwa anasema maziwa yenye mkaa ni ya watu waliosahau kuosha chombo, alikunywa yote. Akapangusa mdomo. Akasema, "Nitakuja kumwita mwenyewe. Akiitika, ni lake. Asipoitika nitarudi nyumbani na jina langu."

Alikuja siku ya kazi, alimwambia nyapara anaumwa jino. Alikaa kwenye kigoda changu mbele ya kiti cha Kipkoech. Alikuwa amefunga kitambaa kipya. Daktari alimweleza habari ya kungoja na mama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anaelezwa njia ya kwenda kwake. Akaita. "Onsare." Kisha kimya. Siku zile nilikuwa nimeshangoja sana chumbani humo, lakini kimya hicho kilikuwa na uzito mwingine. Uji ulianza kushika chini ya sufuria nikauacha. Mdomo wa mtoto ukaanza kufanya kazi, ukapinda, ukafunguka, ukafunga, shingo ikageuka pole pole kutoka mlangoni mpaka kwa uso wa mama. Kogo alitaka kusema kitu, Daktari akainua mkono. Halafu ikatoka, kutoka chini kabisa, ndefu, yenye mate: "Eeeeh." Na mama, mikono kwenye magoti, akasema kwa sauti ile ile, "Chakula kimepoa."

Nimeishi na maneno hayo. Nikiwa napika nayasikia, nikiwa kanisani. Watu wa leo wakiniambia mambo ya mizimu ni ya zamani huwa nanyamaza, maana sijui nilichoona. Daktari alifurahi sana, alisema mtoto amechagua kujibu, amegeuza shingo, amefunga sauti na kuifungua, alizunguka chumba hana pa kukaa. Kwake ilikuwa mwanzo wa usemi. Na ilikuwa kweli: kuanzia hapo Kipkoech alianza kuitika, leo, kesho, kwa kila aliyekuja. Lakini kwa jina moja tu. Ukisema Kipkoech, anaangalia mlango. Ukisema Onsare, "Eeeh." Daktari alimwambia Cherono asijali, atumie jina ambalo mtoto anajibu, mengine yatafuata. Cherono alikuwa anatoa majani makavu kwa nywele za mtoto. "Wewe unaandika," alisema. "Mimi nalala naye. Nilimzaa alfajiri nikamwita Kipkoech. Sasa nimuite maiti ndipo aniitike?" Nilitafsiri yote isipokuwa neno la maiti. Daktari akaniuliza amesema nini hapo mwisho. Nikasema, amechoka.

Mama naye hakukoma. Alikuja na wiki iliyofuata, na nyingine. Aliacha mstari wake nusu, kikapu nusu, akaja na matope. Alimwita, akaitikiwa, akaondoka uso umelainika, na nyumbani alianza kuimba kidogo akifua, kitu ambacho sikuwa nimesikia tangu bwawani. Ungekuwa wewe ungemkataza? Kikombe cha Onsare kikatoka kwenye msumari. Nilikiona chumbani kwa Daktari, mezani, na Kipkoech ananyweshwa uji mzito kwa kijiko kutoka humo. Cherono naye alikiona, akauliza ni cha nani, na hakuna aliyemjibu.

Kisha ikaja siku ya muwa. Onsare alikuwa akipenda muwa kuliko chakula. Daktari alikuwa ameenda Kericho mjini kutengeneza gari, mimi nilikuwa nje nachota maji, Cherono ananing'iniza vitambaa kwenye seng'enge. Ndani mama alikuwa ametafuna kipande cha muwa mpaka kikawa laini, akamwekea mtoto mdomoni anyonye. Alimpa kile ambacho mwanawe angetaka. Maji ya muwa ni mepesi kama mvua. Nilisikia kikohozi, kisha nikasikia kikohozi kimekatika, na hiyo ndiyo mbaya. Tuliingia pamoja. Uso wa mtoto ulikuwa umegeuka ile rangi ya moshi, na mama yangu amesimama mgongo ukutani, mikono juu, anaita: "Onsare. Onsare." Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Cherono alikata mkanda, akamgeuza mtoto kifudifudi juu ya paja lake, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka maji na makapi yakatoka na mtoto akavuta hewa kwa mlio kama mlango. Alimshika hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa alimwambia mama yangu, kwa Kiswahili, taratibu, ili asihitaji mkalimani: "Wako alikunywa maji. Wangu usimnyweshe."

Akamfunga mtoto mgongoni akaenda. Kikombe alikiacha. Mama alikichukua, akatembea nami mpaka kambini, akakirudisha kwenye msumari, na tangu siku hiyo mpaka tunamzika sikumsikia tena akitaja jina la Onsare. Mimi na Daktari tulikwenda kwa Cherono mara tatu nne, tukakaribishwa chai na hatukuonyeshwa mtoto. Mwisho wa mwaka Daktari alifunga viti vyake. Wale watoto wengine, wapo waliojifunza kusema maji, ndio, sitaki, na mmoja siku hizi anauza simu mjini na anakukata maneno kabla hujamaliza. Huyo hakupewa nafasi, aliichukua. Daktari aliniambia kwaheri akanishika mkono akasema kuhusu Kipkoech hajui aandike nini. Mimi nikaolewa huku Kedowa. Nilipozaa mwanangu wa kwanza nilimtumia mama ujumbe, jina lile? Akarudisha jibu kwa mdomo wa mtu: "Lina mwenyewe. Yuko Litein." Mwanangu tukamwita jina la babu yake.

Basi nikaenda matanga. Walikuwa wameweka picha yake kwenye meza, mwanaume mwenye ndevu kidogo, macho yale yale. Kogo alishakufa zamani. Mchungaji alisoma "marehemu ndugu yetu Kipkoech" na watu wakaitikia amina. Baada ya kaburi Cherono alinishika kiwiko akaniingiza jikoni kwake, akafunga mlango. Amekuwa mwanamke mnene, mwenye miwani. Alinimiminia chai, akanisukumia mkate, akakaa. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Akasema, "Nilimwita Kipkoech kila siku. Nikangoja mpaka nikaona aibu, nikangoja tena, vile yule Daktari alisema. Mwaka. Mwaka mwingine. Akaangalia mlango." Alizungusha kikombe. "Siku moja nilikuwa nafua, mgongo unauma, nimekasirika na kila mtu, nikapiga kelele tu: Onsare! Akaniitika. Nikaacha nguo majini."

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu nini? Mbele ya watu alikuwa Kipkoech. Tukibaki wawili, nikiwa hapa jikoni, naita. Ananiitika. Miaka yote, Kemunto. Nimemlea mtoto wenu." Alicheka kwa pua, ile ya zamani. "Hata mume wangu hajui."

 Nje walikuwa wanakunja viti. Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, siku ya mwisho alimwita jina lipi. Alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Yote mawili. Nikangoja. Sikumjibia." Kisha akanyanyuka, kwa sababu kulikuwa na watu wa kuaga, na akiwa mlangoni akasema kama mtu anakumbusha mwingine mwavuli wake, "Jina lenu uende nalo. Hapa hatuna mtu wa kulitumia."

Nilirudi nalo Kedowa, na ninawaambia ukweli, lilikuwa zito. Bwawa lile waliliziba, siku hizi juu yake kuna chai, na mashine ndiyo inachuma, hakuna wa kuitana mstari kwa mstari. Nilifikiri nimwambie mwanangu tuchukue jina jingine, la shangazi, la mtu yeyote aliyekufa kitandani amezeeka. Jina hili limeshaitika kwa midomo miwili, na yote miwili nimeona ikigeuka rangi ya moshi. Lakini kulizuia nako ni kumwacha Onsare nje mlangoni. Nilikaa nalo wiki hiyo nzima, na ng'ombe akakosa kukamuliwa vizuri.

Jana asubuhi Sharoni alinipa mtoto nimshike akoroge uji. Mwanangu alikuwa mezani na kikombe chake. Mtoto alikuwa macho, anaangalia mlango, lakini watoto wachanga wote wanaangalia mwanga, najua hivyo. Nilimweka wima kidogo kwenye mapaja, kidevu chini. Naogopa asiitike, nilikuwa nawaza, kama mpumbavu, mtoto wa wiki mbili. Na naogopa aitike. Nikamwita mara moja, Onsare, kwa sauti ya jikoni. Sharoni akageuka na kijiko akauliza, "Ndilo hilo, mama?"  Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze, nikabaki nimemtazama mtoto mdomo, nikangoja mpaka nikaona aibu mbele yao wote wawili, uji unashika chini, na nikangoja tena.